Mama Kando ya Kamba: Familia Katika Mbio za Baiskeli za Matopeni

Huko Ubelgiji na Uholanzi, mama mwenye mtoto anayeshindana katika mbio za baiskeli za matopeni anaijua vizuri kazi ya Jumapili jioni. Ni ndoo ya maji, brashi ngumu, na soksi ambazo asubuhi zilikuwa nyeupe. Kuanzia Septemba hadi Februari, yaani kipindi chote cha mvua na baridi, kazi hiyo humrudia karibu kila wiki. Wapo wanaonung'unika, na wapo ambao wasingekubali kukosa Jumapili hata moja.

Mchezo wenyewe huitwa saiklokrosi. Huenda wewe msomaji hujapata kuusikia. Wengi wetu tunazifahamu mbio ndefu za barabarani, kama zile za kuizunguka Ufaransa kila Julai, ambapo mke wa mshindani humwona mumewe kwa nukta chache akipita, kisha basi, amekwenda zake hadi mji mwingine. Saiklokrosi ni jambo jingine kabisa. Hufanyika shambani, msituni, katika bustani za mji, au kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari kama kule Koksijde. Njia huzungushiwa kamba na vigingi. Urefu wake ni kati ya kilomita 2.5 na 3.5, na washindani huizunguka tena na tena mpaka muda wao uishe.

Njiani kuna matope, kona kali, ngazi, na mbao zilizosimamishwa kwa urefu wa hadi sentimita 40. Mwendeshaji akizifikia mbao hizo hushuka huku baiskeli ikiwa bado inakwenda, huinyanyua, huvuka mbio, kisha huirukia tena. Penye mlima mkali huitia begani na kukimbia nayo. Sisi tuliokulia mahali ambapo masika huigeuza njia ya kwenda shuleni kuwa tope tupu hatuna haja ya kuelezwa sana. Kila aliyetumwa dukani kwa baiskeli wakati wa mvua anajua kwamba pana mahali ambapo si mtu anayeipanda baiskeli, bali baiskeli inayompanda mtu.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Kwa kuwa njia ni fupi, wazazi humwona mtoto wao kila mzunguko. Jambo hili ndilo linaloufanya mchezo huu uwe wa familia. Hakuna basi kubwa la timu wala jeshi la wahudumu, isipokuwa kwa wale wachache walio juu kabisa. Kwa watoto na vijana, timu ni baba, mama, mjomba, na pengine babu aliyeleta kiti chake cha kukunja.

Baba, mara nyingi, husimama mahali pa kubadilishia baiskeli. Hapo ana baiskeli ya pili, safi, na maji ya kuoshea. Mtoto hufika na baiskeli iliyojaa udongo kiasi kwamba magurudumu hayazunguki vizuri. Huiacha, huichukua ile safi, na kuendelea. Baba ana dakika chache tu za kuiosha ile chafu, kuifuta mnyororo na kuitia mafuta kabla mtoto hajarudi. Matairi nayo yana siri yake. Sheria za kimataifa haziruhusu yazidi upana wa milimita 33, kwa hiyo hila yote imo katika upepo. Kwenye mchanga hupunguzwa sana, kwenye ardhi ngumu huongezwa kidogo. Nyumba nyingine hubishana juu ya upepo wa tairi toka Ijumaa hadi Jumapili.

Na mama je? Kabla ya mbio humchua mtoto miguu kwa dawa inayotia joto. Mtoto akiwa tayari mstarini, mama humvua koti dakika ya mwisho, kisha hukimbia kando ya kamba kutoka kona hii hadi ile, akiita jina. Mbio zikiisha, mtoto hufika amepauka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hawezi hata kufungua zipu ya shati lake. Hapo panahitajika blanketi, chai ya moto katika chupa, na mtu wa kumvua viatu bila kuuliza kwanza amekuwa wa ngapi. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Mtoto aliyeshika nafasi ya 30 anajua amekuwa wa 30.

BINTI ALIPOKUWA HANA PA KUSIMAMA

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinifanya niuangalie mchezo huu kwa makini. Saiklokrosi ina zaidi ya miaka 100. Ufaransa ilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Mfaransa Jean Robic. Kwa nusu karne baada ya hapo, akina mama waliosimama kando ya kamba wakishika makoti walikuwa wakiwashikia wana wao wa kiume. Mashindano ya dunia ya wanawake yalianza mwaka 2000 tu, huko Sint-Michielsgestel nchini Uholanzi, na Mjerumani Hanka Kupfernagel ndiye aliyeshinda.

Hata hapo, mambo hayakuwa sawa. Kwa miaka mingi wanawake walipewa dakika 40 au kidogo zaidi, wanaume saa 1. Muda wa wanawake uliongezwa baadaye hadi karibu dakika 50.

Lakini waliopunjwa zaidi ni mabinti wadogo. Vijana wa kiume wa chini ya miaka 19 walikuwa na ubingwa wao wa dunia tangu 1979. Mabinti wa umri huo walipata wao mwaka 2020, huko Dübendorf, Uswisi, ambapo Mholanzi Shirin van Anrooij aliibuka wa kwanza. Hesabu mwenyewe: miaka 41! Mpaka mwaka 2000 binti wa miaka 17 hakuwa na ubingwa wa dunia wa kushindania, na hata baada ya hapo, kwa miaka mingi, ilimbidi asimame mstari mmoja na wanawake wa miaka 30 wenye nguvu na uzoefu. Wachache waliweza. Marianne Vos wa Uholanzi, aliyeanza baiskeli utotoni akimfuata kaka yake, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006 akiwa na miaka 18, na hadi 2022 alikuwa ameuchukua mara 8. Lakini Vos ni mmoja. Mtoto wa kawaida hushindwa mara kumi mfululizo kwa tofauti kubwa, kisha huiacha baiskeli bandani na kutafuta mambo mengine. Nani amlaumu?

Ubelgiji, ambako mchezo huu hupendwa kuliko mahali pengine popote, ilipata shujaa wake wa kike katika Sanne Cant. Alikuwa bingwa wa taifa lake mara 15 mfululizo, kuanzia 2010 hadi 2024, na bingwa wa dunia mara 3, mwaka 2017, 2018 na 2019. Alistaafu mwaka 2025. Wasichana wengi wa Ubelgiji waliozaliwa baada ya 2000 hawakujua bingwa mwingine wa kike wa nchi yao mpaka walipokuwa wakubwa.

SIKU ILE PALE ZOLDER

Kuna habari moja ya kusikitisha ambayo mzazi anayefuatilia mchezo huu hawezi kuiruka. Tarehe 30 Januari 2016, huko Heusden-Zolder, Ubelgiji, mabinti wa chini ya miaka 23 walishindania ubingwa wao wa dunia kwa mara ya kwanza kabisa. Mwingereza Evie Richards alishinda. Lakini siku hiyo haikumbukwi kwa ajili yake. Wakaguzi walikuta baiskeli ya mshindani mmoja, mwenyeji, ikiwa na mota ndogo iliyofichwa ndani ya bomba la chini ya kiti. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano ya baiskeli duniani kitu kama hicho kuthibitishwa.

Binti huyo alikuwa na miaka 19. Magazeti yamekwisha kulitaja jina lake vya kutosha, na mimi sitalirudia. Alisema baiskeli haikuwa yake na kwamba hakujua lolote. Mwezi Aprili mwaka huo alifungiwa miaka 6, akatozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi, na kunyang'anywa ushindi wake wa hivi karibuni, ukiwamo ubingwa wa Ulaya wa vijana. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatangaza kuachana na mbio.

Nani aliitia mota ile, na nani alijua? Mimi si hakimu. Ninalolitazama ni umri wake. Kijana wa miaka 19, katika mchezo ambao watu wa karibu ndio wanaoosha, kubeba na kutengeneza baiskeli, hayuko peke yake hata siku moja. Kila baiskeli inayofika mstarini imepita mikononi mwa mtu anayempenda. Ikiwa nyumbani mazungumzo yote ya Jumapili jioni ni kushinda tu, mtoto hujifunza kwamba chakula kitakuwa kitamu au kichungu kulingana na nafasi aliyoshika. Mzazi hana haja ya kutamka neno hilo. Mtoto husoma uso.

WALIOZALIWA KWENYE BAISKELI

Upande wa pili upo pia. Corinne Poulidor ni binti wa Raymond Poulidor, Mfaransa aliyesimama kati ya watatu bora wa mbio za kuizunguka Ufaransa mara 8 bila kuvaa jezi ya njano hata siku moja, na Wafaransa wakampenda kwa hilo hilo. Corinne aliolewa na Mholanzi Adrie van der Poel, bingwa wa dunia wa saiklokrosi mwaka 1996. Watoto wao wawili, David na Mathieu, wote waliingia katika mbio. Hebu mfikirie mama huyo: baba, mume, na wana wawili, wote wakirudi na nguo za matope! Kufikia 2025 Mathieu alikuwa bingwa wa dunia mara 7. Babu alifariki Novemba 2019. Mjukuu alipoivaa jezi ya njano mwaka 2021, ile ambayo babu hakuipata, alilia mbele ya kamera na hakuweza kumaliza maneno.

Hata huyo hakukosa siku mbaya. Mwezi Desemba 2023, huko Hulst, mashabiki walimzomea akiwa mbioni, naye akatema mate kuelekea walikokuwa. Alitozwa faini ya faranga 250. Nalitaja hili kwa sababu mahema ya bia ni sehemu ya mbio hizi, na kuanzia saa 9 alasiri kelele za baadhi ya watu si za kusikiwa na watoto. Familia zenye busara huja asubuhi, wakati wa mashindano ya watoto, hula chipsi na supu, hutazama wanawake, kisha huchagua mahali pa kusimama mbali na mahema.

Swali la Jumapili nalo lipo. Mbio nyingi ni siku hiyo, na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya huwa karibu kila siku. Mama anayetaka watoto wake kanisani hana njia rahisi. Ibada ya Jumamosi jioni husaidia palipo nayo. Pengine familia hukubaliana tangu Agosti ni Jumapili zipi hazitaguswa, na huko kupanga mapema huokoa ugomvi mwingi.

KUTOKA MATOPENI HADI KIGALI

Mwezi Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Watu walijaa kandoni mwa barabara, hasa kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na wasichana wa Rwanda walikuwamo miongoni mwa washindani. Kwa mabinti wa chini ya miaka 23, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa mbio zao wenyewe barabarani bila kuchanganywa na wanawake wakubwa. Saiklokrosi ilikuwa imekwisha kuwapa miaka 9 kabla.

Na walioshinda Kigali ni akina nani? Mbio za kushindana na saa alizichukua Zoe Bäckstedt wa Uingereza. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa saiklokrosi wa vijana mwaka 2022, kisha wa chini ya miaka 23 mwaka 2024 na 2025. Mbio ndefu alizichukua Mfaransa Célia Gery, bingwa wa dunia wa saiklokrosi wa vijana mwaka 2024. Wote wawili walipata mstari wao wenyewe wakiwa na umri ambao mabinti wa miaka ya 1990 walikuwa wakitazama kaka zao.

Baba yake Zoe, Magnus, alishinda mbio maarufu za Paris–Roubaix mwaka 2004. Mama yake, Megan Hughes, alikuwa bingwa wa barabarani wa Uingereza mwaka 1998. Kwa hiyo huyo ni mama aliyeijua baridi ya vidole kabla ya binti yake kuijua.