Kompyuta ya Zamani Isitupwe: Programu Huria Ofisini na Nyumbani

Katika nyumba za wafugaji wa Mudende, sekta ya wilaya ya Rubavu iliyo nyanda za juu si mbali na mlima Karisimbi, mama atakaye kugandisha maziwa hana haja ya kwenda dukani kununua chachu. Humwendea jirani na kibuyu chake, naye hupewa ikivuguto kidogo iliyobaki jana. Maziwa yake yakishaganda, yeye naye humpa mwingine. Aliyetoa hakupungukiwa na kitu, wala hapana mtu anayesimama mlangoni kudai ushuru kila kibuyu kinapojazwa.

Programu huria za kompyuta hazina tofauti kubwa na chachu hiyo. Aliyeziandika huzitoa pamoja na maandishi yake ya ndani, yaani jinsi zilivyotengenezwa, na leseni yake humruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Mmarekani Richard Stallman alilitangaza jambo hili mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, akaandika kiini cha mfumo wa Linux. Kiini hicho ndicho kilichomo hata katika simu za Android, kwa hiyo wakulima wa viazi wanaoulizia bei ya gunia kwa simu ya aina hiyo wamekuwa watumiaji wa programu huria pasipo kuambiwa.

Wanyarwanda wana msemo wao, "ku buntu", maana yake ni bila malipo; na neno "ubuntu" lina maana ya utu na ukarimu. Oktoba 2004 jina hilohilo, lililotoka katika lugha za kusini mwa Afrika, lilipewa mfumo wa Linux uliokusudiwa watu wa kawaida. Yafaa lakini ieleweke kwamba kutolipa si kiini cha habari hii. Ziko programu nyingi za bure ambazo si huria, na mwenye nazo aweza kuanza kudai fedha siku yoyote apendayo.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa ofisi ya sekta, walimu na wazazi wakati huu? Sababu ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zilizobaki na mfumo huo hazikuzimika. Zinawaka na kuandika barua kama jana. Ila nyufa za usalama zinazogunduliwa haziendelei kuzibwa kama zamani, na nyingi katika mashine hizo haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu vipuri vyake ni vya miaka ya nyuma. Hapo mwenye kompyuta huambiwa anunue mpya. Kwa familia inayosomesha watoto watatu, shauri hilo ni sawa na kuambiwa wauze ng'ombe kwa sababu mlango wa zizi umelegea.

Wako wengine wanaokimbilia programu za kunakili kinyume cha sheria, zipitishwazo kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Njia hiyo haifai hata kidogo. Aghalabu nakala hizo huja na virusi, na virusi vikiingia katika mashine yenye orodha ya mishahara au maksi za mtihani, hasara yake haipimwi kwa bei ya leseni. Chachu ya jirani mchafu huharibu maziwa ya nyumba nzima. Vivyo hivyo hata programu huria zichukuliwe kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwa mpita njia.

Jaribio la ofisini lianze na jambo dogo. Karani asiguse kwanza mfumo wa kompyuta. Aweke LibreOffice ndani ya Windows ileile aliyoizoea. Hii ni programu ya kuandika barua, kupiga hesabu katika majedwali na kutengeneza maonyesho, nayo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa OpenOffice. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuikumbuka hiyo OpenOffice. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa toleo lake la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ingekuwa vigumu kufanyika kama maandishi ya ndani yangefungwa. Leo LibreOffice ina sura ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, ingawa tafsiri hazijakamilika na Kiingereza hujitokeza katikati kama changarawe katika mchele. Katika Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, walimu wa lugha wangeweza kuimalizia kazi hiyo.

Yako matatizo, na si haki kuyaficha. Barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa katika LibreOffice, mistari yaweza kusogea na muhuri uliokuwa chini ya ukurasa wa kwanza ukaangukia wa pili. Majedwali yenye amri za kujiendesha huenda yakakataa kabisa. Kwa hiyo jedwali la mishahara liwe la mwisho kujaribiwa, tena kwa nakala, na barua iendayo wilayani iandaliwe kama PDF ili ifike kama ilivyotoka. Umeme nao hukatika bila taarifa. LibreOffice huweka akiba ya kazi kila baada ya dakika 10. Mwenye busara huipunguza iwe 2.

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba vitu hivi ni vya kuchezea tu. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004, iliingia kazini mwaka 2006 huko Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, ambako ilisaidia kuwafuatilia wagonjwa wa Ukimwi. Takwimu za vituo vya afya vya Rwanda hukusanywa kwa DHIS2, nayo ni huria, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tena Rwanda iligawa kompyuta ndogo za XO zaidi ya laki mbili kwa shule za msingi kuanzia mwaka 2008, zote zikiwa na programu huria iitwayo Sugar. Kilichopunguza manufaa ya mradi ule kilikuwa umeme, mafundi na maandalizi ya walimu. Programu haifundishi peke yake.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. VLC ya kuonyesha filamu na Firefox ya kutembelea intaneti zimo tayari katika nyumba nyingi. Kwa watoto iko Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, huenea katika flashi ya kawaida. Baba au mama aweza kuipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha mtoto akaisoma jioni bila kula vifurushi vya simu.

Mwenye kompyuta iliyochoka, na aliyekwisha kuzoea hayo yote, sasa aweza kuujaribu mfumo wenyewe wa Linux. Kwanza anakili picha, barua na hati zote mahali pengine, na ahakikishe kwamba nakala zinafunguka. Kisha atafute flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi na aandike humo Linux Mint kwa kutumia Rufus, ambayo nayo ni huria. Faili ni kubwa, la gigabaiti kadhaa, hivyo wenye haja wakubaliane mmoja apakue kwa niaba ya wote, leseni inaruhusu. Kompyuta ikiwashwa kwa kupitia flashi hiyo, mfumo mpya hufanya kazi bila kugusa kitu kilichomo ndani ya diski, maadamu mtu hajachagua amri ya kuusimika.

Huo ndio wakati wa kupima, tena kwa siku kadhaa. Intaneti isiyo na waya inashika? Sauti inatoka? Kompyuta ikifunikwa kisha ikafunuliwa, inaamka? Printa ndiyo yenye ukaidi kuliko vyote, hasa za bei nafuu, na yafaa ichapishe kurasa mbili tatu mbele ya macho kabla mtu hajafuta chochote. Ikikataa, flashi huchomolewa, na Windows ya zamani huwaka ilipoachwa.