Mtetemo wa Sakiti au Mtetemo wa Hesabu?

Mwanafunzi anayeijaribu sakiti ndani ya kompyuta kabla ya kuiunga kwa waya hujiepusha na gharama ya kuunguza vifaa. Hata hivyo, mara nyingine mchoro wa volteji uliotarajiwa kuwa mstari mtulivu hutokea ukiwa na meno kama ya msumeno. Hapo huzuka swali: je, inayotetemeka ni sakiti yenyewe, au ni hesabu ya kompyuta? Jibu likikosewa, sakiti nzuri huweza kutupwa, na mbovu ikaungwa.

Kompyuta haiufuati wakati jinsi unavyotiririka. Huukata katika hatua ndogo ndogo, kisha hukadiria hali ya sakiti mwishoni mwa kila hatua. Programu nyingi za kazi hii, zikiwamo zile zilizotokana na SPICE, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, mapema katika miaka ya 1970, hutumia kanuni ya trapeza. Kanuni hii huchukua wastani wa volteji ya mwanzo na ya mwisho wa hatua, na kuulinganisha na badiliko la mkondo katika hatua hiyo.

Mfano ufaao ni koili ya milihenri 10 ambayo mkondo wake hupanda sawasawa kutoka ampea 0 hadi ampea 1 kwa milisekunde 1, kisha hubaki palepale. Mkondo unapopanda, volteji ya koili ni volti 10. Ukitulia, volteji hupaswa kuwa sifuri. Lakini katika hatua ya kwanza baada ya utulivu, mkondo haukubadilika, kwa hiyo wastani lazima uwe sifuri. Kwa kuwa mwanzo wa hatua ni volti 10, mwisho wake huwa volti −10. Hatua ifuatayo hurudi 10, na kadhalika bila kikomo. Mtetemo huu haumo katika koili. Umezaliwa na wastani.

Kipimo cha kuutambua ni chepesi. Urefu wa hatua upunguzwe kwa nusu, kisha mchoro utazamwe upya. Mtetemo wa hesabu hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila hatua mbili. Basi muda wake nao hupungua kwa nusu. Mtetemo wa kweli haubadiliki hivyo. Koili hiyohiyo ikiwa na kapasitansi ya pikofaradi 100 baina ya nyaya zake, itatetemeka kwa muda wa mikrosekunde 6.28 hivi, hata hatua zikizidi kufanywa fupi.

Mtetemo wa hesabu huweza kutulizwa kwa kuunga rezista sambamba na koili, kwani kila koili halisi ina upotevu wa nishati, au kwa kuipa swichi muda mfupi wa kufunguka badala ya kufunguka ghafla. Njia nyingine ni kutumia kanuni ya Gear, ambayo huumeza mtetemo wa namna hii.

Lakini dawa hii ya mwisho yataka hadhari. Kanuni ya Gear huweza pia kufifisha mtetemo wa kweli, hasa hatua zikiwa ndefu, hata amplifaya isiyo thabiti ikaonekana tulivu kwenye kompyuta na kupiga mluzi mezani. Kwa hiyo, kipimo hutangulia dawa: mchoro uliotulia si ushahidi wa sakiti iliyotulia.