Maumivu kuisha si kupona: Funzo kutoka kwa miguu ya Neymar

JUNI mwaka wa 2018 mashabiki wa kandanda kote duniani walimcheka Neymar. Kila alipoguswa katika fainali za Kombe la Dunia nchini Urusi, winga huyo wa Brazil alibingirika nyasini kama pipa lililoachiliwa mlimani. Watoto waliigiza vitimbi hivyo viwanjani, nao watu wazima wakavizungumzia mikahawani.

Wachache walikumbuka kwamba mnamo Machi 3 mwaka uo huo, siku 106 kabla ya mechi yake ya kwanza ya fainali hizo, mchezaji huyo alikuwa kwenye meza ya upasuaji mjini Belo Horizonte akitengenezwa mfupa wa mguu wa kulia uliopasuka. Katika mechi hiyo ya kwanza dhidi ya Uswisi alichezewa visivyo mara 10. Idadi kubwa kama hiyo haikuwa imeonekana katika mechi moja ya Kombe la Dunia tangu mwaka wa 1998, wakati Alan Shearer wa Uingereza alipochezewa visivyo mara 11.

Kama alikuwa akiigiza au la, hilo tuwaachie wenzetu wa michezo. Ukurasa huu ni wa afya, na miguu ya Neymar ina mengi ya kumfunza yeyote anayecheza mpira Jumapili, anayekimbia alfajiri au aliyewahi kuteguka akishuka matatu.

Kazi ya winga

Neymar alizaliwa Februari 5, 1992 katika mji wa Mogi das Cruzes, jimbo la Sao Paulo. Alianza kuchezea timu kubwa ya Santos mwaka wa 2009 akiwa na umri wa miaka 17, na miaka miwili baadaye akaisaidia kutwaa Copa Libertadores, kombe kuu la klabu za Amerika Kusini.

Mwaka wa 2013 alivuka bahari na kujiunga na Barcelona ya Uhispania, ambako alifunga mabao 105 katika mechi 186 na kushinda Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka wa 2015. Agosti 2017 Paris Saint-Germain ya Ufaransa ilimnunua kwa euro milioni 222, kiasi ambacho hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kununuliwa nacho.

Huko Paris alifunga mabao 118. Lakini tazama idadi ya mechi: 173 katika misimu sita. Hiyo ni wastani wa mechi zisizofika 29 kwa msimu, kwa timu ambayo hucheza zaidi ya 45. Nyakati nyingi alikuwa kwenye magongo, kwenye barafu au mikononi mwa wataalamu wa viungo.

Sababu moja ni kazi yenyewe. Winga hulipwa kwa kufanya mambo ambayo mwili hauyapendi. Hutoka mbio ghafla, husimama ghafla, hugeuka kwa mguu mmoja huku beki akimjia kwa kasi. Wakati wa kukimbia, misuli ya nyuma ya paja hunyooka na kukaza kwa wakati mmoja ili kuuzuia mguu unaorushwa mbele. Wakati wa kukata kuingia ndani, uzito wote huangukia ukingo wa nje wa wayo. Sehemu hizo mbili, pamoja na goti na kifundo cha mguu, ndizo zilizomtesa Neymar.

Mfupa wa upande wa kidole kidogo

Februari 25, 2018, PSG ikicheza na Marseille, Neymar alipinda mguu bila kugongwa vibaya na mtu yeyote. Alitolewa kwa machela huku akilia. Madaktari walisema kifundo kilikuwa kimeteguka, na mfupa wa tano wa wayo, ule unaoelekea kidole kidogo, ulikuwa na ufa.

Msomaji atauliza: Mfupa mdogo hivyo unamwekaje mtu nje miezi mitatu? Jibu ni damu. Mfupa huunganishwa na lishe inayoletwa na damu, na karibu na shina la mfupa huo pana sehemu ambayo mishipa ya damu ni michache. Ufa ukitokea hapo hupona polepole, na wakati mwingine haupatani kabisa. Ndiyo maana wachezaji wengi hufanyiwa upasuaji na kutiwa skrubu.

Neymar alirejea uwanjani Juni 3, akafunga bao dhidi ya Croatia, kisha akaenda Urusi, ambako Brazil iling'olewa na Ubelgiji katika robo fainali. Januari 23, 2019, katika mechi na Strasbourg, mfupa ule ule ulijeruhiwa tena. Alikaa nje hadi Aprili. Juni 5 mwaka huo ligamenti za kifundo cha mguu uo huo wa kulia zikakatika katika mechi ya kirafiki na Qatar. Ligamenti ni zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine. Brazil ilitwaa ubingwa wa Amerika Kusini mwezi uliofuata bila yeye.

Wataalamu wa tiba ya michezo hawashangazwi na mfuatano wa aina hii. Jambo linalotabiri vizuri zaidi kwamba mchezaji ataumia ni kwamba aliwahi kuumia. Mguu uliouma hulindwa bila mwenyewe kujua: hatua hubadilika, misuli ya upande mmoja hudhoofika, na mzigo huhamia kwingine. Kifundo hicho kilimsumbua tena katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, na Machi 2023 kikafanyiwa upasuaji mjini Doha.

Goti la Montevideo

Agosti 2023 Neymar alihamia Al-Hilal ya Saudi Arabia. Mwezi uliofuata, akiichezea Brazil dhidi ya Bolivia, alifikisha mabao 79 ya timu ya taifa na kuipita idadi ya Pele ya 77. Kisha, Oktoba 17, jijini Montevideo, Brazil ilipokuwa ikicheza na Uruguay, goti lake la kushoto lilisalimu amri kabla ya mapumziko.

Iliyokatika ilikuwa ligamenti ya mbele ya ndani ya goti, ambayo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Meniski pia ilijeruhiwa. Hicho ni kipande laini kama mpira kikaacho kati ya mifupa miwili ya goti ili isisagane. Upasuaji ulifanywa Novemba 2.

Ligamenti hiyo ikishakatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe. Daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, mathalan nyuma ya paja au mbele ya goti, na kuipitisha mahali pa ile iliyokatika.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Baada ya majuma machache uvimbe hushuka, maumivu hupungua na mgonjwa hutembea bila magongo. Ndani ya goti mambo ni tofauti. Kano iliyopandikizwa hukosa damu kwanza na kulegea, kisha mishipa mipya huingia polepole na kuijenga upya. Kwa hiyo kuna wakati mgonjwa hujisikia mzima ilhali kiraka chake ni dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Maumivu yamekwisha, lakini kupona bado.

Utafiti uliofanywa nchini Norway na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mtu alichelewa kurejea michezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa tangu upasuaji, ulipunguza kwa karibu nusu hatari ya goti kuumia tena. Miezi hiyo haipunguzwi na fedha. Klabu tajiri inaweza kununua mashine bora na kuajiri mabingwa wa tiba, lakini haiwezi kuiharakisha damu.

Neymar alisubiri mwaka mzima. Alirejea Oktoba 21, 2024 dhidi ya Al Ain. Siku 14 baadaye, dhidi ya Esteghlal ya Iran, aliingia kipindi cha pili na hakumaliza mechi: alishika nyuma ya paja, akatoka. Goti lilikuwa limestahimili, lakini misuli iliyokuwa imekaa mwaka bila mbio za kweli haikuweza. Kalenda peke yake haitoshi. Lazima nguvu ya misuli irudishwe na kupimwa, mguu mmoja ukilinganishwa na mwenzake.

Januari 2025 yeye na Al-Hilal walikubaliana kuachana. Alikuwa amecheza mechi saba na kufunga bao moja. Alirudi nyumbani Santos akiwa na umri wa miaka 32. Aprili 16, katika mechi yake ya 100 kwenye uwanja wa Vila Belmiro, akivaa jezi nambari 100, alitoka kipindi cha kwanza akitokwa na machozi. Paja tena.

Wewe unayecheza Jumapili

Huenda ukasema hayo ni ya matajiri. La. Goti la karani na goti la Neymar limeumbwa sawa. Tofauti ni kwamba yeye hupigwa picha saa ile ile, nawe hukandwa kwa maji moto, huchuliwa kwa mafuta na kuambiwa utapoa.

Katika siku mbili za kwanza, usikande jeraha kwa maji moto wala usilichue. Joto na kuchua huweza kuzidisha damu inayovuja ndani pamoja na uvimbe. Pumzisha mguu, uwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja, ufunge bendeji isiyobana sana, na uuinue juu ya mto.

Nenda hospitali upigwe picha ikiwa huwezi kutembea hatua nne baada ya kuteguka, au ukibonyeza mfupa wa kifundo au ule ulio ukingoni mwa wayo, upande wa kidole kidogo, unasikia maumivu makali. Goti likilia 'pa!' na kuvimba saa chache baadaye, au likikuchezacheza unaposhuka ngazi, mwone daktari bila kukawia. Hata kama maumivu yamepungua, nenda.

Tahadhari na tembe za kutuliza maumivu kabla ya mechi. Tembe huzima king'ora, haizimi moto.

Kinga nayo si ghali. Shirikisho la kandanda duniani, Fifa, lina mpangilio wa mazoezi ya kupasha mwili moto wa takriban dakika 20, uitwao 11+, ambao umethibitishwa kupunguza majeraha. Kwa misuli ya nyuma ya paja kuna zoezi jingine rahisi. Piga magoti kwenye mkeka, mwenzako akushike vifundo kwa nguvu. Inamia mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka tangu magotini hadi mabegani, ukijizuia kwa misuli ya mapaja. Ukishindwa, jidake kwa mikono. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba timu zinazotumia zoezi hili hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu. Anza na mara chache, kwa sababu siku za kwanza utahisi uchovu mkali.

Na ukishaumia, usiulize tu, "Nitacheza lini?" Muulize daktari au mtaalamu wa viungo, "Mguu huu una nguvu sawa na mwenzake?" Jibu likiwa la, subiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfupa wa wayo, ufa ni ufa kwelikweli.