Lugha ya Kinga: Masomo ya Uzamili ya Usalama wa Mtandao Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu iitwayo M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, simu ya mkononi imekuwa mkoba, daftari la akiba na stakabadhi kwa wakati mmoja. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na katika kaunti jirani ya Bungoma, mkulima wa mahindi hupokea malipo kwa simu na kulipa karo ya wanawe kwa simu. Tangu mwaka 2023, mkulima aliyesajiliwa hupokea pia kwa simu ujumbe wa kumwezesha kununua mbolea ya ruzuku. Mali iliyokuwa ikilindwa kwa mlango na kufuli sasa yalindwa kwa tarakimu nne za siri.

Ni dhahiri, basi, kwamba ujuzi wa kulinda kompyuta, simu na habari zilizomo ndani yake si anasa ya miji mikubwa. Makala haya yanakusudia kueleza masomo ya uzamili ya taaluma hiyo kwa watu walio kazini katika sehemu hizo mbili, na kuonyesha pengo moja lililomo. Masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza, ilhali wengi wanaohitaji kukingwa hutumia Kiswahili, na walaghai wanaowawinda hutumia Kiswahili vilevile, tena kwa ufasaha. Mtaalamu asiyeweza kuieleza hatari kwa lugha ya anayeikabili amebaki na nusu ya ujuzi wake.

2. Mwanafunzi aliye kazini

Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoko Bungoma, kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia cha Kakamega, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2015. Teknolojia ya habari hufundishwa hapo hadi ngazi za uzamili na uzamivu. Mkazi wa Kitale anayechagua kusoma Kibabii hupitia Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele. Wengine hujisajili katika vyuo vya mbali vinavyofundisha kwa njia ya intaneti.

Aghalabu mwanafunzi wa namna hii si kijana aliyetoka darasani jana. Huenda akawa afisa wa kompyuta wa serikali ya kaunti, karani wa benki, mwalimu, au msimamizi wa mitambo ya chama cha akiba na mikopo. Husoma jioni, mwishoni mwa wiki au wakati wa likizo, na karo huitoa katika mshahara. Shahada yenyewe kwa kawaida huwa na sehemu mbili: kwanza kozi na mitihani, kisha utafiti unaokamilishwa kwa tasnifu.

Faida kubwa ya kusoma huku mtu yu kazini ni kwamba huleta darasani matatizo halisi. Karani amekwisha kuona jinsi mteja anavyoibiwa; afisa wa kaunti amekwisha kuona nywila moja ikitumiwa na watu watano. Lakini faida hiyo ina mpaka wake. Mwanafunzi anayetaka kuupima udhaifu wa mitambo ya mwajiri wake hana budi kupata kwanza ruhusa, na ni busara ruhusa hiyo iwe ya maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 huhesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Nia njema ya kutafuta shahada haiondoi haja ya idhini.

3. Nguzo tatu na majina yake

Mafunzo ya taaluma hii hujengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni usiri: habari zisomwe na wanaostahili tu. Ya pili ni kwamba habari zibaki kama zilivyoandikwa, pasipo kubadilishwa na asiyehusika. Ya tatu ni upatikanaji: habari ziwepo zinapohitajika.

Nguzo ya pili ndiyo inayoonyesha ugumu wa istilahi. Katika tafsiri kadhaa huitwa "uadilifu", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana mbili, ya tabia njema na ya ukamilifu. Katika Kiswahili, hata hivyo, uadilifu ni sifa ya mtu. Mkulima akiambiwa kwamba "uadilifu wa data zake" umeharibika, anaweza kudhani kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeshutumiwa. Neno "uzima" lingefaa zaidi: nyungu nzima haina ufa, na daftari zima halikuchanwa wala kufutwa. Salio la mteja likibadilishwa kutoka 30,000 hadi 3,000, siri haikutoka wala daftari halikupotea. Kilichoharibika ni uzima wake.

Nguzo ya tatu ilipata mfano wake mwezi Julai mwaka 2023, wakati tovuti ya huduma za serikali iitwayo eCitizen iliposhambuliwa. Washambulizi walielekeza huko maombi mengi mno kwa mara moja, huduma zikakwama. Serikali ilieleza kwamba hakuna data zilizopotea. Shambulio la aina hiyo hufanana na umati unaojazana mlangoni mwa duka bila kununua kitu: hakuna kilichoibwa, lakini mnunuzi wa kweli hawezi kuingia.

4. Hodi na karibu

Wanafunzi wengi huchanganya dhana tatu zinazokaribiana: kujitambulisha, kuthibitishwa na kuidhinishwa. Hata hivyo mila ya Waswahili ya kubisha hodi imezitenganisha kitambo. Mgeni hupiga hodi na kutaja jina. Huko ni kujitambulisha. Mwenye nyumba husikiliza sauti au huchungulia ili ahakikishe kwamba aliyetaja jina ndiye mwenye jina. Huko ni kuthibitisha. Kisha husema "karibu". Huko ni kuidhinisha. Tena aliyekaribishwa sebuleni hakukaribishwa chumbani, na hii ndiyo kanuni ya kumpa kila mtumiaji wa kompyuta uwezo unaomtosha kwa kazi yake tu.

Kwa mfano huo, wizi wa kubadilisha laini ya simu hueleweka upesi. Mwizi hukusanya habari za mtu, kama vile nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kisha huzitumia kujifanya mwenye laini ili apewe kadi mpya yenye nambari ileile. Tangu hapo ujumbe wote wa mhasiriwa, pamoja na misimbo ya kuthibitisha malipo, humfikia mwizi. Kasoro iko katika hatua ya pili: hodi imepigwa, jina limetajwa, na mlango umefunguliwa bila ya kuchungulia.

5. Chambo, fumbo na ngome

Istilahi nyingine tatu zafaa kuangaliwa, kwa sababu kila moja yaweza kufundisha au kupotosha.

Ya kwanza yahusu ujumbe wa uongo unaomvuta mtu atoe siri zake. Sheria ya mwaka 2018 imeutaja udanganyifu huo kama kosa peke yake. Jina lake la Kiingereza lilitoholewa kutokana na uvuvi, na Kiswahili kinaweza kuihifadhi taswira hiyo kwa kusema "ulaghai wa chambo". Jina hili lina somo ndani yake. Samaki hakamatwi kwa kulazimishwa. Hukamatwa kwa kukipenda kile alichotupiwa. Ujumbe unaodai kwamba fedha zimetumwa kwa makosa, au kwamba mbolea imekwisha kutengwa na kinachosubiriwa ni ada ndogo tu, ni chambo kilichochaguliwa kwa kumjua samaki.

Ya pili ni ile inayoitwa "usimbaji fiche", yaani kuugeuza ujumbe usisomeke na asiyehusika. Wapo ambao wangeona wepesi zaidi katika jozi ya vitenzi "fumba" na "fumbua". Kiswahili hutengeneza vitenzi vya kutendua kwa kiambishi -u-, kama ilivyo katika funga na fungua, ziba na zibua. Hivyo msikilizaji hutambua mara moja kwamba kitendo cha pili hukitangua cha kwanza. Hata hivyo tahadhari yahitajika. Fumbo la malenga hufumbuliwa kwa werevu, bali ujumbe uliofumbwa na kompyuta hufumbuliwa kwa ufunguo. Mnamo mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alieleza kwamba mfumo mzuri wa maandishi ya siri haupaswi kuharibika hata adui akiijua namna unavyofanya kazi, maadamu ufunguo haujamfikia. Ndivyo ilivyo kwa kufuli: kila fundi anajua lilivyoundwa, lakini si kila fundi anaweza kulifungua la jirani.

Ya tatu ni chombo kinachochunguza kila kifurushi cha data kinachoingia au kutoka, kitokako na kiendako, kisha kukipitisha au kukizuia kwa kufuata kanuni kilizopewa. Baadhi ya watu hukiita "ukuta wa moto". Asili ya jina la Kiingereza ni ukuta unaojengwa ili kuuzuia moto usienee nyumbani, lakini katika Kiswahili "ukuta wa moto" humfanya msomaji afikirie ukuta unaowaka. "Ngome" ni neno lililokwisha kueleweka, nao watu wa Bungoma hawahitaji kulitafutia mfano mbali. Katika vilima vya Chetambe karibu na Webuye, Wabukusu walijihami ndani ya ngome yenye handaki mnamo mwaka 1895, wakapigwa na majeshi ya Waingereza yaliyokuwa na silaha zilizowazidi. Historia hiyo yakumbusha jambo ambalo kila mwalimu wa taaluma hii husisitiza: ngome iliyotosha jana huenda isitoshe kwa silaha ya leo, na haifai kuwa kinga ya pekee.

6. Ridhaa isiyoeleweka

Suala la lugha lina uzito wa kisheria pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na imekiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yaeleza kwamba ridhaa ya mtu kuhusu matumizi ya habari zake sharti iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu. Ikiwa mwanachama wa chama cha akiba huko Kiminini ametiwa sahihi karatasi ya Kiingereza asichokijua, na hakuna aliyemfafanulia, ni vigumu kusema kwamba ridhaa yake ina ufahamu ndani yake.

Hali kadhalika, sheria hiyo hutaka Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue kwamba data zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, na wenye data nao waarifiwe kwa maandishi. Saa 72 si muda wa kuanza kubuni istilahi. Taarifa isiyomwonyesha mteja kilichovuja, hatari iliyopo na hatua ya kuchukua haitamsaidia, hata ikiwa imetimiza matakwa ya ofisi.

7. Hitimisho

Kuyafundisha masomo yote ya uzamili kwa Kiswahili ni jambo lihitajilo vitabu, walimu na muda. Lakini zipo hatua zisizohitaji kusubiri. Kwanza, kila tasnifu ya usalama wa mtandao ingeweza kuambatana na ikisiri ya Kiswahili pamoja na faharasa ya istilahi zilizotumika. Pili, mwanafunzi angeweza kupimwa pia kwa kuandika onyo la ukurasa mmoja, kisha kulisoma mbele ya watu wasio wataalamu na kuona wameelewa nini. Tatu, idara za kompyuta na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya eneo hilo zingeweza kuwa na usimamizi wa pamoja wa kazi za istilahi, kwa maana mtaalamu wa kompyuta huijua dhana na mtaalamu wa lugha hujua jinsi jina linavyopokewa na msikilizaji.

Kazi ya namna hiyo si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilihitaji wanalugha na wanakompyuta washirikiane. Kilichofanywa kwa ajili ya kuandika barua na hesabu chaweza kufanywa kwa ajili ya kulinda akiba. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma walio kazini wana nafasi njema ya kukianzisha, kwa kuwa Jumatatu asubuhi, baada ya masomo ya mwisho wa wiki, wao ndio wanaoketi upande wa pili wa dirisha ambapo mteja huja kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.