KIWANJA SI MTAA

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliokuwa umezaliwa mwaka huo huo kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Katika muda wa miaka kumi watu wamezidi maradufu, na hapana mkoa mwingine wa nchi yetu uliokua kwa kasi hiyo. Ongezeko la namna hii haliwezi kubaki mashambani peke yake. Miji midogo ambayo jana ilikuwa vituo vya kupumzisha wasafiri leo inatafutwa na watu wenye fedha mkononi. Mmojawapo wa miji hiyo ni Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, na huo ndio tunaokusudia kuuzungumzia leo.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba akauliza: Inyonga inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Inatuhusu sana. Visiwa vyetu ni vidogo na watu wake ni wengi; sensa hiyo ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, katika eneo ambalo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya Katavi. Si ajabu basi kwamba ndugu zetu wengi, hasa kutoka Pemba, wamevuka bahari wakafungua maduka katika miji ya bara, mpaka ile ya mbali. Wengine wamekwisha kuvuka hatua ya kupanga chumba na fremu ya duka, na sasa wanatafuta ardhi ya kujenga. Haki hiyo wanayo. Ingawa ardhi si jambo la Muungano, na kila upande una sheria zake, Mzanzibari ni raia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inayotumika bara inamtambua kama inavyomtambua raia mwingine yeyote. Lakini kila haki ina adabu yake, na adabu hiyo ndiyo shabaha ya maneno yetu.

Inyonga imo katika nchi ya Wakonongo, watu wa misitu ya miombo, wanaoijua asali tangu enzi za mizinga ya magome, na ambao pamoja na wahamiaji wengi hulima mahindi na tumbaku. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa mbali na kila kitu. Wakati wa masika, Mto Koga ulipofurika, safari ya kutoka Tabora ilikuwa mtihani wa subira. Sasa barabara ya lami inatoka Tabora, inapita Sikonge, Koga na Inyonga, mpaka Mpanda. Njia kuu ya umeme wa kilovolti 132 nayo imefuata upande huo huo. Pamoja na hayo, mji umekuwa na ofisi za wilaya, na ofisi huleta watumishi, na watumishi huhitaji nyumba, soko, shule na zahanati. Kwa mtu mwenye akili ya biashara, dalili hizi hazihitaji mfasiri.

Hapo ndipo penye hatari. Mji ukianza kupanda thamani, huja watu wa aina mbili. Wa kwanza huja na mke, watoto na mtaji mdogo; hununua kiwanja kimoja, huchimba msingi, huishi katika chumba kimoja huku cha pili kikiendelea kujengwa, na jioni hukaa barazani na jirani. Wa pili huja siku moja kwa gari, huonyeshwa maeneo na dalali, hulipia viwanja kadhaa kwa mpigo, huweka mawe ya mipaka, kisha huondoka asionekane tena. Hajengi, hapangishi, halimi. Anangoja bei ipande. Kazi ya kuipandisha bei hiyo humwachia yule wa kwanza, aliyekata nyasi, aliyevuta maji na aliyefungua duka. Huo ni ulanguzi, na haubadiliki sura kwa kuwa unafanywa katika ardhi badala ya sukari.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Ng'ambo ya mji wa Unguja ilijengwa na wanyonge kwa mikono yao, lakini ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao ilikuwa ya watu wengine. Mtu alimiliki kuta na paa, akalipa kodi kwa ajili ya udongo. Kodi hiyo ya kiwanja ilipopandishwa katika miaka ya 1920, wakazi walikataa kuilipa, na mgomo wao ukautikisa mji hata serikali ya kikoloni ikalazimika mwaka 1928 kutoa amri ya kuzuia kodi hizo. Dhuluma yenyewe haikuondoka mpaka Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ilipofanywa mali ya Taifa. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Michenzani, zilizojengwa baadaye kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, zilisimama juu ya uamuzi huo. Je, wajukuu wa watu waliogoma Ng'ambo watakwenda kuwa mabwana wa viwanja Inyonga? Tunasema haifai, na haitokuwa insafu.

Bara nako msingi ni huo huo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kupinga mpango wa wakoloni wa kuifanya ardhi kuwa mali ya mtu ya kuuzwa milele, na mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ikaubadilisha umilikaji wa namna hiyo kuwa upangaji kutoka Serikalini. Mpaka leo ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopewa raia ni haki ya kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, na haki hiyo hufuatana na masharti ya kuiendeleza na kuilipia kodi ya pango. Anayeyavunja masharti aweza kufutiwa hati. Kwa hiyo yule anayenunua ili angoje anakosana na jirani zake, na pia anacheza kamari na sheria.

Kwa ndugu zetu wanaokusudia kwenda, tunayo nasaha. Mosi, msinunue kwa dalali kabla ya kufika ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuuliza kama eneo limepangwa na kupimwa, na kama lina hati, fanyeni upekuzi katika msajili wa hati. Pembezoni mwa mji mdogo ardhi huwa ingali ya kijiji. Huko inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na karatasi iliyosainiwa na mtu mmoja chini ya mwembe haiwezi kushika nafasi ya uamuzi wa Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa wanakijiji. Pili, ulizeni kuhusu misitu. Wilaya ya Mlele imezungukwa na hifadhi, na shamba linalouzwa kwa bei ya kushangaza huenda limo ndani ya mpaka wake. Tatu, muulizeni mke wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nyumba iliyonunuliwa huku mama wa watoto analia nyuma ya mlango haina baraka, hata kama hakimu hakuitwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, nendeni mkakae. Jengeni hata vyumba viwili. Wapelekeni watoto katika shule ya hapo. Ingieni katika vikao vya mtaa, mchangie madarasa, mzike wafu pamoja na wenyeji. Nunueni asali na tumbaku kwa vipimo vya haki. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame.

Maana Mkonongo amekwisha kuhamishwa vya kutosha. Chini ya Mwingereza, watu wa nyanda za magharibi walikusanywa katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, ambayo shabaha yake ilikuwa huduma kwa wote, lakini ambayo iliwataka wengi waache mahame ya babu zao. Itakuwa jambo la huzuni ikiwa safari hii wataondolewa na kitita cha noti, wakauza kwa bei ya shamba ardhi ambayo kesho itakuwa ya mjini, kisha watoto wao wakarudi kupanga chumba juu ya udongo wa nyumbani kwao.

Hapa ndipo tunapowageukia watendaji wa Serikali. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kuuza kiholela ikiwa mpango wa mji unachelewa kumfikia. Pangeni na kupima kabla ya matofali, kwani kuvunja nyumba ili kupitisha barabara ni gharama kwa Serikali na msiba kwa mwenye nyumba. Mnapolitwaa shamba la mtu kwa ajili ya viwanja, lipeni fidia kamili, ya haki na ya haraka, kama sheria ilivyoagiza, na kati ya viwanja vitakavyopatikana mwenye shamba awe wa kwanza kupewa chake. Wekeni kikomo cha viwanja kwa mnunuzi mmoja. Kaguliani masharti ya uendelezaji, na wenye mapori ya kungojea bei waandikiwe notisi bila kutazamwa cheo, hata kama jina lililomo katika jalada ni la mkubwa. Tengeni mapema ardhi ya soko, ya shule, ya makaburi na ya kuchezea watoto, kwa sababu hivyo havipatikani tena mji ukishajaa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi miongoni mwa mambo manne ya maendeleo, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Inyonga ina ardhi, na watu wanakuja. Mawili yaliyobaki yako mikononi mwa Chama, mwa Serikali na mwa kila anayechukua kalamu kutia saini mkataba wa mauziano. Kiwanja hupatikana kwa fedha na muhuri. Mtaa hupatikana kwa majirani, na majirani hawauzwi na dalali yeyote.