Adui Asiyekata Waya

Mkaazi wa Unguja aliyefikia umri wa kukumbuka hahitaji kufundishwa maana ya kisiwa kukosa umeme. Mwezi Mei 2008 umeme utokao Bara ulikatika, na hata uliporejea katika mwezi wa Juni wananchi walikuwa wamekaa gizani karibu mwezi mzima. Jeraha hilo halijapona sawasawa, Desemba 2009 giza likarudi, likadumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, kinamama na watoto wakahangaika na ndoo visimani. Wenye hoteli walinunua jenereta. Mnyonge alirudi kwenye kibatari.

Mara zote mbili hakuna adui aliyetukusudia ubaya. Ilikuwa ni hitilafu ya vyombo, na njia yetu ilikuwa moja tu: ule waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Leo Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010, na Unguja ikapata mwaka 2013 waya mwengine wa megawati 100. Hayo ni maendeleo, na hapana mwenye akili atakayeyabeza. Tunalotaka kulizungumza hapa ni kwamba siku hizi umeme hauendeshwi kwa waya na chuma peke yake. Unaendeshwa kwa kompyuta, na kompyuta ina mlango ambao mwizi aweza kuubisha akiwa nchi ya mbali.

Yaliyowapata Waukraine yanafaa yasomwe na kila afisa anayehusika. Alasiri ya tarehe 23 Desemba 2015, katika mji wa Ivano-Frankivsk, mfanyakazi wa zamu katika chumba cha kuongozea umeme aliona alama ya kipanya ikitembea yenyewe juu ya kioo cha kompyuta yake. Mkono usioonekana ulikuwa ukizima swichi kubwa za vituo vya kupozea umeme, kimoja baada ya chengine, naye hana analoweza kulifanya. Mashirika matatu ya ugawaji yalishambuliwa siku hiyo, na wateja wapatao 225,000 walikosa umeme kwa muda wa saa moja hadi sita, katika majira ya baridi. Wahalifu hawakuishia hapo. Waliziba simu za huduma kwa wateja kwa kuzipigia mfululizo ili wananchi wasiweze kutoa taarifa, na wakafuta programu ndani ya vyombo ili mafundi wasiweze kuwasha kwa njia ile ile iliyozimiwa.

Na waliingiaje? Kwa barua pepe. Miezi kadhaa kabla ya siku ile, watumishi wa ofisini walitumiwa barua zenye viambatisho vilivyofanana na hati za kawaida za kazi. Wakavifungua. Tangu hapo wezi walikaa ndani kimya, wakijifunza njia na kukusanya maneno ya siri. Mlango wa kuingilia kutoka mbali ulilindwa kwa neno la siri tu, bila ya kizuizi cha pili. Aliyekuwa nalo alihesabiwa kuwa ni mwenyeji.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya na vita vyao. Tarehe 25 Julai 2019 shirika la umeme la jiji la Johannesburg, City Power, lilivamiwa na kirusi kilichofunga kumbukumbu zake ili lidaiwe fidia. Nyaya hazikuguswa. Lakini wateja wanaolipa kabla ya kutumia hawakuweza kununua umeme, na Julai kule ni majira ya baridi. Nasi tunanunua hivyo hivyo: Bara wanaita LUKU, sisi Tukuza. Ikiwa mashine inayotoa zile tarakimu 20 itafungwa, nyumba moja moja zitazimika ingawa waya wa baharini ni mzima kabisa.

Sheria hazikosekani. Jamhuri ya Muungano ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Malabo mwezi Juni 2014 umeanza nguvu Juni 2023. Miaka tisa ilipita ukingoja nchi 15 ziuridhie, na mwendo huo si wa kujivunia. Sheria, hata hivyo, humwadhibu mwizi akishapatikana. Haifungi mlango.

Kinachofunga mlango ni kazi isiyo na sherehe. Kompyuta za barua na mishahara zisiwe katika njia moja na zile zinazoendesha swichi. Mkandarasi wa nje anayerekebisha mitambo kutoka kwao afunguliwe kwa saa maalumu, kisha afungiwe. Mtumishi aliyehamishwa asiondoke na funguo. Kila bajeti ya mitambo iwe na fungu la kuilinda na la kuwasomesha vijana wetu kuilinda, kwani nchi changa zina desturi mbaya ya kupokea chombo cha msaada bila ya kuuliza nani atakitunza msaada ukiisha.

La mwisho, tusiwadharau mafundi wa zamani kwa kuwa tumepata vioo. Ukraine iliokolewa na watu waliopanda magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono, kwa kuwa walikuwa bado wanajua namna ya kufanya hivyo. Zaidi ya miezi miwili baadaye, vituo vyao vya kuongozea vilikuwa bado havijarudi katika hali kamili, na kazi hiyo ya mikono ilikuwa ikiendelea.