GARI LA ZAMANI LAWEZA KUFUFULIWA, FUNDI HAWEZI

Ndugu msomaji, je, kuna Land Rover ya zamani nyuma ya nyumba yako, au kwa shemeji yako? Magurudumu yametoka, nyasi zimeota ndani, kuku wanatagia juu ya kiti. Kila Jumapili unaitazama na kusema: siku moja nitaitengeneza. Hilo ni wazo zuri. Lakini kabla ya kushika ufunguo, soma ukurasa huu.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu Amsterdam, mwezi wa nne mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo Maurice Wilks wa kampani ya Rover na wenzake wakatengeneza bodi kwa alumini, juu ya chasi ya chuma. Wabelgiji nao walijenga zao: tangu mwaka 1952 kiwanda cha Minerva, huko Anvers, kiliziunda kwa ajili ya jeshi lao, lakini kwa bodi ya chuma.

Leo wapenzi wa magari hayo ni wengi duniani, na hawapatani. Kundi moja linasema: gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, kila bulo mahali pake, hata rangi iliyochakaa isiguswe. Kundi la pili linasema: gari ni la kutembea, basi litiwe mikanda ya usalama na freni bora. Ujue kwamba katika magari ya miaka ya mwanzo mafuta ya freni yana njia moja tu kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, mguu unazama mpaka chini na gari halisimami. Sisi wa ukurasa huu tunasema: penda uzee wa gari lako upendavyo, lakini mabomba na mipira ya freni iwe mipya.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Freni ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu. Inashika chuma kirefu kinachotoka nyuma ya sanduku la vitesi na kuzungusha ekseli ya nyuma. Ndani ya ekseli kuna meno yanayoruhusu gurudumu moja kuzunguka tofauti na lenzake, ili gari likate kona. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, lile la juu linaweza kuzunguka kinyume, na lile la chini linabingirika. Umevuta freni ya mkono mpaka mwisho, hata hivyo gari linatembea, kriki inalala, na wewe uko chini yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua, tia vigingi vya mti mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Fanya kazi mahali pa sawa, si mtelemkoni. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake: weka viegemeo imara vya chuma. Matofali hupasuka bila kuaga.

Jambo la pili ni vumbi. Unapofungua ngoma za freni za zamani, utaona vumbi jeusi. Garnitiri za siku zile mara nyingi zilikuwa na amianti. Wewe mchimbaji unajua vumbi la mawe linavyofanya mapafu. Amianti nayo huleta ugonjwa baada ya miaka 20, 30 au zaidi, hata saratani. Usilipulize kwa kinywa wala kwa kompresa. Lilowesha kwa maji ya sabuni, lipanguse kwa kitambaa kibichi, kisha kifunge kitambaa katika mfuko wa plastiki. Nguo zako mama wa nyumbani asizikung'ute, zilowekwe kwanza. Na watoto wakae mbali.

Jambo la tatu ni tangi la esansi. Katika Land Rover fupi tangi liko chini ya kiti cha mbele, karibu na chasi inayopata kutu. Usichome chuma hapo kabla ya kuliondoa na kulipeleka mbali. Wala usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama: mvuke wa esansi uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja.

Ndugu mfanyakazi, kazini unavaa kofia, unafuata alama, unamsikiliza mkubwa wa usalama. Jumapili nyumbani hakuna mkubwa. Mkubwa ni wewe. Gari limengoja miaka mingi. Linaweza kungoja dakika kumi tena, mpaka ukate vigingi viwili vya mti.